Kiwanja cha Nani?

Huko Pangani (si ile ya Tanga, bali ya Kibaha) mashamba mengi yamekwisha kukatwa viwanja. Mume hununua, karatasi ya mauziano huandikwa jina lake peke yake. Mke huchota maji ya kufyatulia matofali, huwapikia mafundi, hulea watoto. Nyumba husimama. Kisha mume hufariki, na ndugu zake huja wameshika karatasi yenye jina moja.

Twaulizwa: je, yawapasa Wakristo kuandikiana mapatano juu ya mali? Wengine husema kuandika ni kuitabiria ndoa talaka. Sisi hatukubaliani nao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kuoana hakubadili umiliki wa mali, isipokuwa wenyewe wamepatana vingine. Mali iliyopatikana katika ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina yote mawili, hudhaniwa kuwa yao sawasawa. Ni kweli, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali. Lakini hilo lilikuwa shauri la talaka. Na mke wa kufikishwa mpaka mahakama hiyo ndipo asikike, amekwisha kuteseka mno.

Hapa hapana budi kutofautisha. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1102, yakataza kufunga ndoa kwa sharti la mambo yajayo. Ndoa ya namna hiyo si halali. Basi mchumba asemaye, “Nakuoa mradi utie sahihi ya namna tutakavyogawana tukiachana,” na aende kwanza kwa paroko wake. Bali mume na mke wakiandika, “Kiwanja hiki ni chetu sote; shamba lile la mikorosho ni urithi wa mama,” hawajaweka sharti lolote juu ya kiapo chao. Wamesema kweli tu.

Kwa hiyo, Bwana unayekwenda kununua, mchukue mkeo. Majina yote mawili yaandikwe mbele ya muuzaji na mashahidi. Na siku kiwanja kitakapopimwa, yaandikwe tena katika hati.