Somo: Pesa za Serikali za Kusomea Ufundi na Kompyuta Humfuata Nani?

Somo la safari hii sikulipanga mezani. Lilizaliwa Matondoni, chini ya kivuli cha jahazi moja lililokuwa bado halijatiwa kalafati, siku niliyokwenda kuzungumza na kikundi juu ya akiba. Kina mama walikuja na miyaa yao, wakisuka huku wakisikiliza. Mafundi wawili watatu wakaweka tezo chini wakasogea. Kabla sijafungua daftari, mama mmoja akanitolea barua. Kijana wake ameitwa chuo cha ufundi cha serikali kusomea stashahada ya kompyuta. Chini ya barua imeandikwa karo ya mwaka mzima: shilingi 67,189.

"Mwalimu, bangili zangu nimeshazipeleka kwa sonara zikapimwe," akaniambia. "Hata nikiziuza zote, hazifiki."

Nikamuuliza, je, kijana ameomba ufadhili wa Serikali? Akasema hajui. Kijana mwenyewe akasema kuna kitu alijaza kwenye simu ya rafiki, lakini hakumbuki ni nini. Basi habari ya akiba tukaiweka kando, tukaanza kusoma barua.

Tuanze na majina ya pesa, maana hapa ndipo wengi wetu hupotea. Ruzuku au ufadhili ni pesa ambayo Serikali hutoa na hairudishwi. Mwanafunzi haishiki mkononi; inaingia katika akaunti ya chuo kwa jina lake. Mkopo ni deni. Unatolewa na HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na mwanafunzi atalilipa akishamaliza masomo. Basari ni msaada unaotoka kwenye mfuko wa eneo bunge au wa kaunti. Huo ni wa kuomba, na mara nyingi ni kidogo kuliko tunavyotarajia. Wazazi wengi husema tu "pesa za Serikali," wakichanganya zote tatu. Halafu miaka mitatu baadaye kijana anadaiwa, na nyumbani wanashangaa deni limetoka wapi.

Sasa hesabu. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma. Karo ilipangwa kuwa 56,420, kwa hiyo mwanafunzi alibakiwa na 26,420, na kwa hizo angeweza kuomba mkopo wa HELB. Mwezi Mei 2023 ukatangazwa mpango mwingine. Karo ya mwaka ikawekwa 67,189, na msaada ukapimwa kwa hali ya familia. Familia maskini kabisa hazikutakiwa kutoa kitu cha karo. Wao walipewa ufadhili na mkopo. Familia zenye uwezo kiasi zilitakiwa kutoa asilimia 20. Tuchukue mfano wa kijana aliyepangiwa nusu ufadhili, asilimia 30 mkopo na asilimia 20 nyumbani. Ufadhili ni kama 33,595. Mkopo ni kama 20,157. Nyumbani wanatafuta kama 13,438.

Nilipoandika hiyo namba ya mwisho mchangani kwa kijiti, mama yule aliinama akaiangalia muda mrefu. Elfu kumi na tatu si pesa kidogo kwa anayeuza mikeka. Lakini si elfu sitini na saba.

Naomba mniwie radhi, namba hizi msizikariri kama sala. Mpango huo umebishaniwa mpaka mahakamani, na viwango vinaweza kubadilika mwaka wowote. Kinachofaa kujua ni namna ya kuisoma barua: jumla ni ngapi, ngapi hairudishwi, ngapi ni deni, ngapi ni yetu. Barua isiyoonyesha hayo manne, rudi chuoni uulize kabla hujauza kitu.

Sasa jambo ambalo kwa kweli ndilo lililoniandikisha somo hili. Pesa hii haimfuati mtu kwa sababu ni maskini, wala kwa sababu ana akili. Inafuata jina lililoandikishwa katika chuo cha umma. Kijana hupangiwa nafasi kupitia KUCCPS, shirika la kuwagawia wanafunzi vyuo. Ndipo anaomba ufadhili na mkopo, kisha anaripoti chuoni na kuandikishwa. Kamba hiyo ikikatika mahali pamoja, pesa haifiki, hata kama anastahili.

Niliwahi kuiona ikikatika, na mpaka leo inaniuma. Kikundi kimoja, si cha Matondoni, kilimchangia kijana akaenda mjini kusomea kompyuta katika chuo cha mtu binafsi. Mabango mazuri, mashine zinang'aa. Kina mama walitoa akiba ya mwaka mzima. Nami nilikuwepo, nikapiga makofi. Hatukuuliza kama chuo kile kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi. Hatukuuliza mtihani unatoka kwa nani. Kijana alirudi na karatasi inayosema anajua kuandika barua na kupiga hesabu kwenye kompyuta. Kila alipokwenda kuomba kazi aliulizwa cheti kinachotambulika. Ruzuku hakupata hata senti, kwa sababu ruzuku ile ni ya vyuo vya umma. Chuo cha binafsi si lazima kiwe kibaya, viko vizuri. Lakini karo yake ni yako mwenyewe, na kabla ya kuitoa mwulize mkuu wa chuo hayo mawili: usajili na mtihani.

Tena tutofautishe. Kujifunza kutumia kompyuta ni kazi ya wiki chache, na ni jambo jema kwa kila mtu. Kusomea ufundi wa kompyuta, yaani kuitengeneza, kuunganisha mitambo, kuandika programu, ni kazi ya miaka. Kwa stashahada huombwa alama ya C ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne. Kwa cheti huombwa D. Aliyepata chini ya hapo bado ana mlango katika mafunzo ya ufundi stadi, na akimaliza ngazi moja anaweza kupanda nyingine. Msimwambie mtoto aliyepata D kwamba amekwisha.

Hapo fundi mmoja mzee akaingilia. "Mimi nina vijana watatu hapa ufukweni. Nawafundisha kuweka mkuku, kupinda mataruma, kutia kalafati. Mbona Serikali hailipi chochote kwa hawa? Huu si ufundi?"

Ni ufundi, mzee wangu, tena ufundi uliolifanya jina la Matondoni lijulikane pwani yote. Lakini vijana hao majina yao hayako katika daftari lolote ambalo pesa hulifuata. Niliona haya kumjibu hivyo, ila ndio ukweli. Ziko njia mbili za kuanzia. Moja ni utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, ulio chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA. Fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake katika kituo kilichoidhinishwa, kisha hupewa cheti. Njia ya pili ni chuo cha ufundi cha kaunti, ambako hata asiyemaliza sekondari hupokelewa, na mitihani ya NITA hufanywa kwa madaraja.

Na hapa vikundi vina nguvu kuliko vinavyodhani. Vyuo hivi vidogo vilianza kwa watu kama nyinyi. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Kutokana na swali hilo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijiji, kwa harambee, na Serikali ikaja kusaidia miaka ya 1970. Sisi Wakatoliki hatukuwamo katika baraza hilo, lakini parokia nyingi nazo zilifungua vyuo vya namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010 ikavikabidhi kwa kaunti. Mwaka wa fedha 2017/18 Serikali Kuu ilianza kupeleka kwa kaunti ruzuku yenye masharti, shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi wa vyuo hivyo. Ruzuku ya namna hiyo hutegemea makubaliano ya kila mwaka. Kwa hiyo anayetaka kujua mwaka huu kuna nini, aitafute katika bajeti ya kaunti yake.

Bajeti ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi, kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe, kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Juni amechelewa, kama nahodha anayetafuta maji ya kutokea wakati mchanga umeshaonekana. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Basi nendeni na maneno mafupi yaliyoandikwa: vijana wetu ni kadhaa, wanataka kusomea hiki na hiki, kaunti imetenga ngapi kwa karo yao, na kuna kompyuta zinazofanya kazi katika chuo? Tangu gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ifunguliwe mwezi Mei 2021, vijana wetu wanaambiwa kazi zipo kwa wenye ujuzi. Ujuzi huo unahitaji mahali pa kufundishwa. Hilo ni swali halali la kuuliza barazani.

Narudi kwenye mkopo. Mkopo wa HELB umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nilipotaja neno riba, mikono iliyokuwa ikisuka ilisimama. Mimi ni Mkatoliki, si kazi yangu kutoa fatwa, na sitamwambia Mwislamu alichukulie jambo hili kijuujuu. Muulizeni sheikh wenu. Lakini pia muulizeni afisa wa HELB, kabla ya kutia sahihi: je, kijana anaweza kupata sehemu ya ufadhili bila kuchukua mkopo? Je, kuna mpango usio na riba kwa sasa? Lisiloulizwa halijibiwi. Wapo vijana walioacha vyote viwili, ruzuku na mkopo, kwa kudhani ni kitu kimoja. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa.

Na kama mkopo haufai, kikundi kinaweza kusimama mahali pake. Mkopo wa kikundi bila riba, wa elfu ishirini, unaolipwa polepole kijana akipata kazi, si ndoto kwa kikundi chenye wanachama thelathini. Nawashauri hata kwa wale wanaochukua mkopo: pesa za kikundi msizimwage kwenye karo kabla barua ya ufadhili haijatoka. Ziwekeni kwa yale ambayo ruzuku haiyagusi: nauli ya boti na basi, chumba, chakula cha mwezi wa kwanza, vifaa. Ruzuku yenyewe huchelewa. Wakuu wa vyuo wamelalamika hadharani mara nyingi. Kijana asiye na chakula hangoji hazina ya Serikali. Anarudi nyumbani.

Mimi mwenyewe karo yangu ya kwanza ya stashahada ilitoka kwa mbuzi wawili na michango ya jumuiya yetu ndogondogo. Mbuzi walilipa muhula. Michango ndiyo iliyonilisha.

Jambo dogo la mwisho, lakini limewaangusha wengi. Maombi haya yote hufanywa kwa intaneti. Kijana wa saiba akikufungulia akaunti kwa namba yake ya simu na barua pepe yake, basi ufunguo anao yeye. Akihamia Malindi, umepotea. Nilimwona binti akikosa kuomba mwaka wa pili kwa sababu hiyo tu. Namba iwe ya mwanafunzi mwenyewe, na neno la siri liandikwe katika daftari analoliweka yeye, si kwenye ukuta wa saiba. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa viwe na majina yanayofanana na yale ya cheti cha shule. Tofauti ya herufi moja hurekebishwa, lakini huchukua wiki, na tarehe za maombi hazikungoji.

Kule Matondoni tulimaliza maji yakiwa yamejaa na boti ikiniita. Kijana alikwenda na binamu yake kufungua ile akaunti upya, wakakuta maombi yameanzwa na hayakumalizwa. Mama akasema bangili zitakaa kwanza.

Kwa kikao chenu kijacho, kila mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne aje na barua na vyeti vyake, na mwenye kujua kusoma amsaidie jirani kutafuta zile namba nne. Mjadiliane: kikundi chetu kinaweza kumkopesha mwanafunzi kiasi gani bila kuua akiba, na tutamdai vipi? Ni fundi gani kati yetu angekubali kupimwa apate cheti? Na nani atakwenda kwenye kikao cha bajeti cha kaunti kutusemea, na nauli yake itatoka wapi?