Kutoka Kiunga hadi Fuma: Niliyofunzwa na Tanga Mbili

Mwishoni mwa Machi 1989 nilipanda mashua Kiunga, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, kwenda Fuma, kisiwa cha Wabajuni kusini ya Kismayo. Tulipakia unga, sukari na mafuta ya taa.

1. Kaskazi ikilegea, haijafa. Chombo cha kwenda kaskazini hungoja kusi, nayo huanza Aprili. Sisi tuliondoka tanga mbili, upepo haujaamua. Nahodha alitaka tungoje siku tatu. Mimi ndiye niliyemsihi twende, kwani nilikuwa na harusi ya kuwahi. Tulipopita tu Ras Kiamboni, kaskazi ikarudi na kutukabili omo. Tulibisha mchana kutwa. Kila tulipogeuza foromali tuliona ufuo ule ule. Magunia mawili ya unga yakalowa, na hayakuwa yangu.

2. Fuma haifiki hata nyuzi moja kusini ya ikweta, lakini usiku ule, kwa mvua na upepo juu ya nguo ya chumvi, nilitetemeka hadi upo wa kufulia maji ukaniponyoka ngamani. Tangu hapo sisafiri bila shuka kavu ndani ya debe lenye kifuniko.

3. Ramani hukaa kichwani mwa mtu. Visiwa vimejipanga sambamba na bara: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama, Fuma. Nje yake ni bahari kuu. Ndani maji ni shwari, lakini ni haba na yamejaa mawe. Alfajiri nahodha aliamua tuingie ndani, na chombo akamwachia rubani, mzaliwa wa Fuma, aliyenizidi miaka michache tu. Alisimama omoni na pondo, bila dira. Alilinganisha mti na kilima cha mchanga: vikisimama pamoja, mlango uko wazi, vikiachana, wewe uko juu ya mwamba.

“Kaka, pale peusi pana nini?”

“Pale pana jiwe. Na jiwe lina jina.”

Akalitaja. Kila jiwe lilikuwa na jina, na kila jina na kisa chake: hapa usukani ulivunjika, pale kasa hulala. Hakuna karatasi niliyoiona baadaye yenye hata robo ya majina hayo.

4. Maji mafu hayana huruma. Tulikwama kwenye fungu karibu na Koyama, na maji yalipojaa hayakutuinua, maana bamvua ilikuwa bado mbali. Ilibidi tushushe nusu ya shehena kwenye kidau.

5. Jambo zito kuliko yote sikulijua hadi vita vya Somalia vya 1991. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na rubani wetu akawa mmoja wao. Leo ni mzee Mombasa, na wajukuu wake hawajauona mlango hata mmoja wa visiwa vile. Naliogopa hilo kuliko nilivyoogopa upepo wa omo.

Kila Alhamisi jioni mimi huenda kwake na daftari. Yeye hufumba macho, akang'oa nanga Ras Kiamboni, nami naandika: jina la jiwe, alama yake ya bara, kina chake maji yakipwa. Juzi alirudi nyuma mara mbili kusahihisha mlango mmoja. Tumefika Chovai.