Hukumu ya Kunyosha Meno na Kuyang'arisha

Ameniuliza mzazi mmoja: "Binti yangu meno yamempandana, hufunika kinywa akicheka. Je, yafaa kumtia waya?"

Jua, ewe ndugu, ya kuwa Mtume (s.a.w.) amewalaani watiao mwanya menoni kwa kutaka uzuri. Imamu Nawawi, katika sherehe ya Sahihi Muslim, amebainisha: makatazo ni kwa uzuri, ama kwa dawa au kasoro ya jino, hapana ubaya. Basi mtie.

Waya husukuma jino polepole. Mfupa hupungua mbele yake na kuota nyuma yake. Kazi hiyo huchukua kadiri ya mwaka na nusu au miwili. Ukiisha kutolewa, avae kizuizi, yasirudi.

Ama kung'arisha, kuondoa madoa ni katika usafi, nao mswaki ni sunna. Lakini dawa ya peroksidi haiponyi jino bovu, na ikizidi huunguza ufizi. Mkaa nao hukwangua gamba la jino, wala halioti tena.

Mwendee tabibu wa meno mwenye cheti, akague kwanza, ndipo mpatane ujira. Kinywa ni amana. Wallahu aalam.