Niwafundisheje dini zisizo zangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Mwezi uliopita, Kidato cha Pili, kijana mmoja alimwuliza binti wa Kihindu mbele ya darasa zima kama kwao wanamsujudia ng'ombe. Darasa likaangua kicheko. Binti akajiinamia, na tangu siku hiyo hanyooshi mkono kujibu swali lolote. Mkuu wa shule ameniagiza niandae vipindi sita kuhusu imani za dini kubwa za dunia, kila Ijumaa saa saba mchana. Mimi ni Mkristo, dini nyingine nazijua kwa kuzisikia tu. Nimeanza kuchora jedwali: jina la dini, mwanzilishi, kitabu kitakatifu, Mungu wao, siku ya ibada. Lakini nawaogopa wazazi. Waislamu watasemaje wakisikia Mkristo anafundisha Uislamu? Na Wakristo je, wakisikia nawasimulia watoto wao habari za Krishna wa Wahindu? Nishauri.

Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, nenda ukaombe saa nyingine. Ijumaa saa saba mchana Waislamu wanaelekea msikitini. Ukimlazimisha kijana achague kati ya kipindi chako na sala ya Ijumaa, utakuwa umeshafundisha somo, ila si lile ulilokusudia. Jumanne au Jumatano itakufaa.

Sasa tuje kwenye jedwali. Hilo nalifahamu vizuri, kwa sababu nililichora ubaoni mwenyewe nilipokuwa mwalimu. Kwenye mstari wa Wahindu, chini ya “mwanzilishi” niliacha wazi, na chini ya “wanaabudu nini” nikaandika: sanamu na ng'ombe. Darasani nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa Kihindu. Alinakili kama wenzake, kwa mwandiko mzuri, wala hakusema kitu. Nilipokusanya madaftari nikakuta jambo ambalo mtoto yule alijua si kweli, kaliandika kwa mkono wake kwa sababu mwalimu kasema. Nililitia alama ya vema. Hadi leo daftari lile halijanitoka moyoni, ndiyo maana barua yako nimeijibu kabla ya nyingine zote.

Kosa la jedwali halimalizwi kwa kujaza majibu sahihi zaidi. Visanduku vyenyewe vimekatwa kwa kipimo cha dini mbili tunazozijua sisi. Mtume au mwanzilishi mmoja, kitabu kimoja, siku moja ya juma, maneno ya kukiri imani: Uislamu na Ukristo huingia humo bila shida. Uhindu hauna mwanzilishi mmoja, na maandiko yake ni mengi, kuanzia Veda za kale hadi Bhagavad Gita na masimulizi marefu ya Rama. Wayahudi wana Torati, lakini ukimwuliza Myahudi dini yake ni nini, mara nyingi ataanza na anachokitenda: kuitunza Sabato tangu Ijumaa jua linapozama, chakula anachokula na asichokula, sikukuu ya Pasaka inayokumbuka kutoka Misri. Wabudha ndio watakaolivunja jedwali lako kabisa, maana kwenye kisanduku cha “Mungu wao” hakuna muumba wa kumwandika.

Kwa hiyo nakupa kipimo kimoja badala ya jedwali. Kila sentensi utakayoitamka kuhusu dini fulani, mfikirie muumini wa dini hiyo amekaa dawati la nyuma. Je, ataitikia kwa kichwa? Hana haja ya kufurahi, wala wewe huna haja ya kukubaliana naye. Ajitambue tu.

Jaribu kipimo hicho kwenye jambo lililomwumiza yule binti. Ng'ombe kwa Wahindu wengi ni kiumbe cha kuheshimiwa kama mama, kwa sababu anawalisha watu maziwa hata wasiokuwa watoto wake, na kwa sababu wanashikilia fundisho la kutodhuru viumbe, ahimsa. Kumheshimu hivyo si kudai kwamba ng'ombe aliumba mbingu. Na neno “sanamu” litumie kwa uangalifu, maana katika masikio ya Muislamu na ya Mkristo limekwisha kubeba hukumu kabla hujamaliza sentensi. Wahindu huiita murti, umbo lililowekwa wakfu ambamo muumini humwona Mungu na kuonwa naye. Wengi wao husema Mungu ni mmoja mwenye sura nyingi. Wapo wanaolieleza jambo hili kwa namna nyingine, nawe useme hivyo hivyo, kwamba wapo. Halafu waeleze dharma, yaani wajibu na mwenendo unaompasa mtu. Karma, kwamba tendo huzaa tunda lake. Kuzaliwa tena na tena. Na moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo. Uhindu upe kipindi kizima, hata kama dini nyingine zitabanana. Hapo ndipo darasa lako lilipojeruhiwa.

Usiende mbali kutafuta mifano. Anayefika Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, anayaona mahekalu ya Kihindu yamepangana. Wabudha nao wana hekalu Upanga, lililoanzishwa na watu waliotoka kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Kweli nne za Buddha zinaingia kwenye kipindi kimoja ukizisema kwa Kiswahili chepesi: maisha yana mateso, chanzo chake ni kiu ya kutamani na kung'ang'ania, mateso hayo yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha, yenye sehemu nane, inayoanza na mtazamo sahihi na kufika kwenye utulivu wa akili. Watoto watauliza, “Sasa wanamwomba nani?” Waache wakae na swali hilo kidogo. Ni swali zuri kuliko majibu mengi.

Masingasinga usiwasahau, kwa sababu watoto wanawajua kwa kilemba tu, na wengine wanadhani ni Wahindu. Wao wenyewe hujiita Sikh, neno lenye maana ya mwanafunzi. Waambie hilo wanafunzi wako uone watakavyokaa sawasawa. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika nchi ya Punjab, alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, asiye na umbo, na kwamba mbele yake hakuna tabaka la juu wala la chini. Fundisho hilo wanalila kwa mikono: katika kila gurdwara kuna langar, jiko la chakula cha bure, ambako tajiri na maskini huketi chini pamoja. Huko Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ipo gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli. Mpaka leo msafiri wa dini yoyote anakula hapo bila kulipa. Ukisimulia sahani ile ya dengu na chapati, darasa litakuwa limeielewa imani ya Nanak kuliko ukiandika ubaoni “usawa wa binadamu”.

Wayahudi pia usiwaache waonekane watu wa kwenye Biblia tu. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waganda walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 wakimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu.

Kuhusu Uislamu na Ukristo hatari ni nyingine kabisa. Kila mtoto anadhani anazijua. Nguzo tano za Uislamu watakutajia wote, hata Wakristo, kwa kuwa wameishi na majirani wanaofunga Ramadhani. Wachache watakutajia nguzo sita za imani: kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari. Na Waislamu wengi darasani hawajawahi kumsikia Mkristo akieleza Utatu kwa utulivu, kwamba naye anaamini Mungu mmoja, si watatu. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Usizifiche tofauti. Isa bin Mariamu ni nabii mkubwa kwa Waislamu, aliyezaliwa na bikira, lakini si Mwana wa Mungu na hakusulubiwa. Kwa Wakristo msalaba na kufufuka ndiyo imani yenyewe. Ukiviondoa hakuna kinachobaki. Nimewasikia walimu wakikimbilia kusema, “Dini zote ni sawa, zinafundisha kitu kimoja.” Wanasema kwa nia njema, lakini aliyekaa dawati la nyuma hatalikubali neno hilo. Vijana wanaweza kupendana huku wakijua kwamba hawakubaliani.

Na dini za wazee wetu? Usiziite ushirikina, wala usizipe dakika tano za mwisho. John Mbiti, msomi wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wamisionari, na kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika bado kinasomwa vyuoni. Ushahidi mwingine tunautamka kila siku. Neno “Mungu” halikutoka Uarabuni wala Ulaya. Ni la Kibantu, ndugu yake Mulungu linalojulikana katika lugha nyingi hadi Malawi. Muislamu anasema Mwenyezi Mungu, Mkristo anasema Mungu Baba, na wote wawili neno wamelikuta kwa mababu. Mimi ningeanza kipindi cha kwanza hapo, kwa kuliandika ubaoni neno hilo moja na kuwauliza tumelipata wapi.

Kuhusu wazazi: waandikie kabla hujaanza. Waeleze kwamba watoto watajifunza dini hizi zinaamini nini, hawatafundishwa kuamini. Kisha ulinde ahadi hiyo kwenye sarufi yako. Sema “Waislamu wanaamini”, “Wakristo wanaamini”. Usiteleze kusema “sisi tunaamini”, hata siku utakapofundisha dini yako. Usiwatamkishe shahada kama zoezi la darasani, kwani kwa Waislamu hayo ndiyo maneno ya kuingilia dini. Usichoreshe picha ya Mtume. Usigawe prasad, chakula kilichotolewa kwanza hekaluni, eti waonje tu. Wataangalia na kusikiliza, ibada waiache kwa wenyewe. Na katika mtihani usimwulize mtu dini ipi ni bora. Mwulize kwa nini Muislamu anafunga, au Mbudha anatafuta nini anapotafakari.

Ukimpata shehe, mchungaji au mzee wa hekalu wa kuja kuzungumza, mpe maswali matatu mapema: mnaamini nini, siku yako ya kawaida inakwendaje, na ni jambo gani watu hulikosea kuhusu ninyi. Hilo la tatu ndilo litakalofungua mioyo. Mwombe kwa heshima asihubiri, na akianza kuhubiri, simama umshukuru.

Ipo siku mmoja atanyoosha mkono: “Mwalimu, ipi ni ya kweli?” Usiruke swali. Mwambie kwamba wewe unayo imani yako, kwamba hilo ndilo swali kubwa kuliko yote katika somo hili, na kwamba jibu lake atalitafuta nyumbani kwao, kwa viongozi wa dini yake na moyoni mwake, si kwenye mtihani wako. Ukisema hayo bila woga watakuamini.

Sasa yule binti. Mtafute kabla ya kipindi cha kwanza, faragha, mbali na macho ya wenzake. Mwambie kicheko kile kilikuwa kosa, na kwamba ulipaswa kukizima siku ile ile. Usimwombe asimame kuwaelezea wenzake Uhindu. Ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili tu, na hakuja shuleni kuwa msemaji wa mamilioni ya watu. Mwonyeshe ulichoandika kuhusu dini ya kwao, umwulize kama kuna mahali umekosea. Akikuonyesha, toa kalamu urekebishe hapo hapo, akiona.

Wako,
Shangazi