Miwani haimharibii mtoto macho

*Daktari, binti yangu wa miaka 13 ameandikiwa miwani ya hasi 2.00. Bibi yake anasema akiizoea macho yatalegea. Nimzuie?*
*Mama, Kibaoni, Ifakara*

Mama, mwache aivae. Jicho lake ni refu kidogo kuliko kawaida, hivyo taswira ya vitu vya mbali inaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira. Hasi 2.00 maana yake bila miwani anaona vizuri hadi nusu mita tu. Kusoma ubaoni anafinya macho mpaka kichwa kinauma. Namba ikipanda, ni jicho linalokua, si miwani. Asiazime ya bibi ya kusomea, itamzidishia ukungu. Acheze nje kila siku, apimwe kila mwaka. Akiona vimulimuli au pazia jeusi ghafla, mwahishe Hospitali ya Mtakatifu Fransisko siku hiyohiyo.