Kuuchora Meru Ukiwa Peke Yake

Wanunuzi wengi wa picha hapa Arusha huulizia Kilimanjaro wenye theluji, na tembo mbele yake. Meru, wenye zaidi ya mita 4,500 na unaotutazama kila siku, hauulizwi sana. Mimi ndio ninaouchora, kwa kuwa unabeba upweke vizuri.

Nenda Njiro alfajiri, mawingu yakiwa bado chini. Mjini tunautazama kutoka kusini, kwa hiyo jua la asubuhi hupiga bega la kulia, la kushoto likabaki gizani. Kivuli hicho ndicho nusu ya picha. Kiwahi, maana baadaye kilele hufunikwa. Ukitaka sura nyingine kabisa, panda hadi Momella. Ubavu wa mashariki uliporomoka zamani, ukaacha kreta wazi yenye kilima cha majivu ndani. Mlima ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Sasa rangi. Wengi wakitaka huzuni hukimbilia nyeusi, na picha inakuwa kama moshi wa tairi. Nyeusi iache kwenye kopo. Changanya bluu iliyokolea na hudhurungi: bluu ikizidi unapata kijivu cha baridi, kile cha Julai, hudhurungi ikizidi, kijivu cha vumbi. Migomba ya mbele ipe rangi nzito, kisha kadiri unavyopanda ongeza nyeupe na bluu. Wingu linapokutana na mwamba, usipige mstari. Akriliki hukauka upesi, kwa hiyo mimi hulowesha turubai kwanza kwa chupa ya kupulizia, halafu nasugua ukingo kwa brashi kavu kabla rangi haijashika.

Watu je? Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliijaza miteremko ya Kilimanjaro wakulima na wabeba pombe ya ndizi, na raha ya picha zake iko hapo hapo. Upweke unataka kinyume chake. Bakiza mtu mmoja, mdogo, pembeni, akikupa kisogo. Mjerumani Caspar David Friedrich, kwenye ile picha yake maarufu ya mtu juu ya ukungu, alimweka katikati tena mkubwa. Kwa macho yangu, huyo bwana ameuteka mlima.

Anga ipewe theluthi mbili ya turubai, na usiogope kuiacha tupu. Mteja akiuliza tembo yuko wapi, mwonyeshe picha nyingine, ila bei ya hii usiishushe.