Injini haiwaki: kitenzi kimoja, hitilafu mbili

Mafundi wa garaji hapa Kindu huletewa malalamiko ya namna hii: “Mutuka ilifanyiwa vidanji jana, leo haiwaki.” Nataka kuonyesha kwamba kitenzi -waka hakimtoshi fundi kikiwa peke yake, na kwamba sarufi yetu ina njia ya kumsaidia.

Injini huanza kwa hatua mbili. Kwanza demarere huizungusha kwa umeme wa batri. Kisha mafuta na hewa huwaka ndani yake, nayo huendelea yenyewe. “Haiwaki” hufunika kushindwa kwa hatua yoyote kati ya hizo. Tukiongeza kitenzi -zunguka, tunapata kauli mbili zilizo wazi:

1. “Injini haizunguki.” Ukigeuza ufunguo unasikia “ta!” tu, au kimya, na pengine taa zinafifia. Anza na umeme: huenda vichwa vya batri vilifunguliwa visikazwe tena.

2. “Injini inazunguka lakini haiwaki.” Ikizunguka kwa kasi ya kawaida, batri na demarere zinafanya kazi. Tafuta kwenye mafuta, hewa au cheche. Gari la mazutu likibadilishiwa filta, hewa inaweza kubaki kwenye mabomba. Magari mengi yana pampu ndogo ya mkono ya kuitoa. Kwa gari la esansi, tazama kama nyaya za buji zilirudishwa mahali pake.

Viambishi vya wakati navyo hubeba habari. “Iliwaka ikazimika” si sawa na “haikuwaka kabisa”. Kiambishi -ka- kinaeleza mfuatano: injini ilipata mafuta kidogo, kisha yakakatika. Hapo filta ya mafuta ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Mwisho ni kauli ya kutendwa. Kabla ya kuuliza “nini kimeharibika?”, tuulize “nini kilifunguliwa, kilibadilishwa, kilichomolewa?” Hitilafu inayofuata matengenezo mara nyingi iko pale mikono ilipopita.

Kindu ni kituo cha mwisho cha reli itokayo kusini, na vipuri vinatoka mbali. Anayenunua demarere mpya kwa sababu tu aliambiwa “haiwaki” anaweza kupoteza fedha nyingi, kumbe kichwa cha batri kilihitaji kukazwa kwa ufunguo namba 10. Kwa hiyo napendekeza zoezi hili kwa darasa la sarufi: mwanafunzi aeleze hitilafu moja kwa vitenzi vitatu, bila kutumia “imeharibika”.